Jinsi ya kukaza nati za kabureta ya Volkswagen Beetle bila kupinda flanji

Beetle isiyoshika sailensa, yaani injini isiyotulia inapozunguka bila akseleta kukanyagwa, ina historia yake, na mara nyingi historia hiyo inasomeka kwenye nati mbili zinazofunga kabureta juu ya manifoldi, bomba linalopeleka mchanganyiko wa hewa na mafuta kwenye silinda. Fundi wa kwanza alisikia injini inapanda na kushuka yenyewe, akakaza. Ikatulia siku chache, ikarudia. Wa pili akakaza zaidi. Wa tatu akapaka silikoni. Wa nne akatafuta spana ndefu. Gari linapofika mikononi mwako, masikio ya flanji, ule ukingo bapa wa chini wa kabureta wenye matundu ya kufungia, yamekwisha kupinda kuelekea chini, katikati pameinuka, na hewa inapita kwa urahisi kuliko siku ile ya kwanza.

Katika kazi hii nashikilia jambo moja: nati za kabureta haziwezi kuziba hewa. Kinachoziba ni nyuso mbili zilizonyooka zenye gasketi (karatasi ya kuziba) nzima katikati. Nati zinazishikilia tu zisiachane, na nguvu inayotakiwa ni ndogo kuliko wengi tunavyodhani. Ukilikubali hilo, hatua zote zinazofuata zitajieleza.

Maelezo haya ni ya injini ya Beetle inayopozwa kwa hewa, yenye kabureta moja ya Solex ya aina ya PICT, iwe 28, 30 au 34. Namba hiyo imeandikwa kwenye mwili wa kabureta yenyewe, karibu na chemba ya mafuta. Futa uchafu utaiona. Kanuni ni zile zile kwa magari mengi ya zamani, na nitagusia yale yenye nati nne. Lakini Beetle ndiyo inayonigusa. Gari lililoshinda mbio za Safari mwaka 1954, 1957 na 1962 kwenye vumbi na matope ya Afrika Mashariki halistahili kuzimika kwenye taa za barabarani kwa sababu ya nati mbili.

Hakikisha kwanza hewa inaingilia hapo

Usifungue kitu kwa kubahatisha. Dalili za hewa ya wizi, yaani inayopenya kwenye mwungano badala ya kupita kwenye kabureta, ni hizi: sailensa inapanda na kushuka bila kuguswa, injini inakata moto ukiachia akseleta ghafla, ekzosi inapiga milipuko midogo ukishuka mlima bila kukanyaga mafuta, na skrubu ya kurekebisha mchanganyiko haileti tofauti yoyote hata ukiizungusha. Dalili hizo hizo zinaweza kutoka sehemu nyingine, ndiyo maana tunapima.

Washa injini, iache ipate moto, kisha chukua chupa ya kupulizia yenye maji safi. Puliza kidogo kwenye mwungano wa kabureta na manifoldi, upande mmoja kwa wakati, huku ukisikiliza. Mlio ukibadilika sekunde ile ile, au injini ikatulia kidogo, maji yameziba njia ya hewa kwa muda na umeshapata pa kufanyia kazi. Wapo wanaotumia petroli au dawa ya kusafishia breki kwa kipimo hiki. Mimi nawakataza. Distribyuta iko sentimita chache tu kutoka hapo, na magari haya yanaungua haraka. Maji yanatosha, angalia tu yasirukie kifuniko cha distribyuta.

Rudia kipimo sehemu tatu nyingine kabla hujaamua. Kwanza, pale ekseli ya kipepeo cha throtoli (kibao kinachofungua na kufunga njia ya hewa ukikanyaga akseleta) inapotokea kwenye mwili wa kabureta, pande zote mbili. Pili, kama injini yako ni ile ya matundu mawili ya kuingizia hewa kwenye kila silinda hedi, pulizia mipira miwili inayounganisha bomba la katikati na vipande vya pembeni. Mipira hiyo hupasuka kwa uzee, na mpasuko wake huwa chini usikoonekana. Tatu, pale manifoldi inapokaa kwenye silinda hedi. Ukikuta hewa inaingilia kwenye mipira, kukaza kabureta ni kupoteza muda.

Kuna jambo jingine linalodanganya watu. Chini ya kabureta ya Beetle kuna bomba jembamba linalopitisha moshi wa moto wa ekzosi ili kupasha manifoldi. Bomba hilo likiziba kwa masizi, manifoldi hubaki baridi, mafuta hayageuki mvuke vizuri, na kwenye hali ya hewa yenye unyevu unaweza kuona matone ya maji, hata barafu, nje ya shingo ya manifoldi. Injini itakohoa kana kwamba inavuta hewa. Baada ya dakika kumi za kuendesha, sogeza kidole kwa uangalifu karibu na mabomba hayo ya kupasha, kulia na kushoto. Yasipokuwa na moto, shida yako ni masizi.

Vifaa

Spana namba 13, iwe ringi upande mmoja na mdomo wazi upande wa pili. Nati za M8 (kipenyo cha milimita 8) za gari hili kwa kawaida huchukua namba hiyo. Bisibisi bapa, koleo, brashi ya waya, kitambaa kisichoacha nyuzi, gasketi mpya ya aina ya kabureta yako, nati mbili mpya na washa zake. Kipande cha kioo kinene cha dirisha, msasa wa maji namba 240 na 400, rula ya chuma, na vibao vya fila vya kupimia mwanya. Spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, ikiwepo ni vizuri. Isipokuwepo, tafuta mizani ya ndoano, ile ya kupimia samaki au mizigo ya safari, nitaeleza inavyotumika. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu, mahali unapoweza kuufikia bila kuinama kwenye injini.

Kuhusu gasketi: ile ya 30 PICT na ile ya 34 PICT hazibadilishani. Tundu la katikati halilingani, na ukilazimisha ndogo kwenye kubwa, ukingo wa karatasi utaning'inia kwenye njia ya hewa na siku moja utavutwa ndani. Linganisha gasketi na flanji kabla hujatoka dukani.

Hatua ya 1: Injini ipoe, umeme ukatwe

Fanya kazi injini ikiwa baridi kabisa. Toa terminali ya hasi ya betri, ambayo kwenye Beetle iko chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia. Usiipuuze hatua hii kwa kuwa kazi ni ndogo. Unakwenda kufungua mpira wa petroli juu ya injini yenye nyaya za umeme pande zote.

Hatua ya 2: Ondoa vinavyozuia

Legeza kola ya chujio la hewa na ulitoe. Kama ni lile la zamani lenye oili ndani, libebe likiwa limesimama wima. Chomoa waya wa choki na, kama kabureta ni 34 PICT-3, waya wa ile valvu ya umeme inayokata jeti ya sailensa. Zote mbili hupata umeme kutoka upande wa chanya wa koili, kwa hiyo huwezi kuzikosea sana, lakini piga picha kwa simu. Chomoa mpira wa vakumu unaokwenda kwenye distribyuta. Legeza skrubu inayobana waya wa akseleta kwenye mkono wa throtoli, uvute waya utoke, na weka kile kitufe kidogo cha kubania mahali salama, maana kina tabia ya kudondoka na kupotelea kwenye mabati ya injini.

Mpira wa petroli uchomoe mwisho, ukiwa na kizibo tayari: boliti la M6 au penseli lililosukumwa ndani litazuia mafuta yasitiririke kutoka kwenye tangi. Hapo hapo shika ule mrija mdogo wa shaba nyeupe au ya njano unaopokea mpira kwenye kabureta, na ujaribu kuuzungusha kwa vidole. Katika kabureta hizi mrija huo umesukumizwa tu kwenye aloi, na kwa miaka hulegea. Mrija ukichezacheza, usiirudishe kabureta kwenye gari mpaka mrija umefungwa upya au umebadilishwa. Mrija ukichomoka ukiwa barabarani, pampu itamwaga petroli juu ya injini yenye moto.

Hatua ya 3: Fungua nati mbili

Nati moja inafikika. Nyingine iko nyuma ya mkono wa throtoli, na spana inapata nafasi ndogo tu ya kuzunguka. Tumia upande wa mdomo wazi, geuza spana juu chini kila baada ya mzunguko mdogo ili upate pembe mpya, na uwe na subira. Legeza nati hizi kwa zamu, nusu mzunguko huku, nusu mzunguko kule, hata wakati wa kufungua. Flanji iliyoanza kupinda huumia zaidi ikiachiliwa upande mmoja ghafla.

Nati ikikataa, weka dawa ya kulegeza kutu na usubiri. Usigonge kabureta. Ikitokea studi (ile boliti isiyo na kichwa inayobeba nati) inatoka pamoja na nati, si msiba; tutairudisha.

Kabureta ikishatoka, jambo la kwanza kabisa ni kusukuma kitambaa safi kwenye shingo ya manifoldi, na kiache ncha nje ili usikisahau. Washa ikianguka humo itaishia kwenye silinda. Nimewahi kuona pistoni iliyotobolewa na washa ya namna hiyo, na mwenye gari alilipa gharama ya injini nzima.

Hatua ya 4: Kagua nyuso, na hapa usiharakishe

Kwangu mimi hii ndiyo kazi yenyewe. Kukaza kutafuata kwa dakika tano. Hapa unaweza kutumia saa moja na isiwe ya kupotea.

Kwangua gasketi ya zamani kwa kipande cha mbao ngumu au plastiki. Wembe na bisibisi huchimba aloi, na mchubuko mmoja unaotoka ndani kwenda nje ni njia tosha ya hewa. Silikoni ya zamani itoe yote. Silikoni ya kawaida ya gereji haivumilii petroli. Huvimba, hulainika, na vipande vyake vinavutwa ndani ya injini. Ndiyo sababu haina nafasi kwenye kabureta, hata kidogo.

Sasa geuza kabureta, weka rula ya chuma kwa upande wake mwembamba kutoka sikio moja la flanji hadi la pili, kupitia kando ya tundu, na uinue usawa wa macho huku mwanga ukiwa nyuma. Flanji iliyokazwa kupita kiasi inajionyesha yenyewe: rula inagusa masikio mawili, na katikati, kuzunguka tundu, unaona mwanga. Sababu ni kwamba gasketi inabeba uzito zaidi kuzunguka tundu, wakati nati zinavuta pembeni, na mwili wa kabureta ni aloi laini. Kila robo mzunguko wa ziada unavuta masikio chini na kuinua katikati.

Pima mwanya kwa fila. Huna fila? Karatasi ya kawaida ya fotokopi, ya gramu 80, ina unene wa karibu milimita 0.1. Ikipita chini ya rula bila kukwama, mimi huwa nanyoosha flanji. Isipopita, gasketi mpya itamudu tofauti hiyo.

Kunyoosha ni hivi. Weka msasa namba 240 juu ya kioo, uloweshe maji yenye sabuni kidogo. Toa kwanza vitu vinavyojitokeza chini ya usawa wa flanji, kama mkono wa throtoli unagusa kioo. Sugua flanji kwa kuchora nane, mkono ukiwa katikati ya kabureta na bila kukandamiza. Uzito wa kabureta unatosha. Baada ya mizunguko michache tazama: sehemu zilizoguswa zitang'aa, zilizo chini zitabaki na rangi yake. Endelea mpaka mng'ao umetoka kwenye masikio na kuzunguka tundu lote. Malizia na namba 400. Usitafute uzuri kupita hapo, kila unachosugua hakirudi.

Kisha osha. Osha kwa petroli, puliza kila tundu dogo kwa hewa, osha tena. Chembe ya msasa kwenye njia ya sailensa itakuletea ugonjwa ule ule uliotaka kuutibu, na kwenye silinda italeta mbaya zaidi.

Pima pia flanji ya manifoldi kwa rula hiyo hiyo, maana hupinda nayo. Hapo utatumia tupa bapa pana, kitambaa kikiwa bado kimekaa ndani, studi zikiwa zimetolewa kama zinatoka kwa urahisi. Piga tupa kwa mikono miwili, ikilala juu ya flanji nzima. Safisha unga wote kabla ya kuvuta kitambaa.

Hatua ya 5: Studi, nati na washa

Piga meno ya studi kwa brashi ya waya, kisha zungusha nati mpya kwa vidole tu. Inatakiwa iteremke mpaka chini bila spana. Ikikwama njiani, nguvu utakayoiweka wakati wa kukaza italiwa na msuguano, spana itakuambia umefika wakati kabureta bado haijabanwa. Safisha meno kwa daisi (kifaa cha kukatia meno) ya M8 x 1.25, au badilisha studi.

Studi iliyotoka irudishe kwa nati mbili: zifunge zote juu yake, zikaze zipambane, kisha zungusha ya juu kuiingiza studi kwenye manifoldi. Ikae imara bila kulazimishwa. Meno ya manifoldi yakiwa yameliwa, dawa ni kuweka meno ya chuma ya kupachika, au studi yenye ncha moja nene zaidi. Kufunga uzi au karatasi ya sigara kwenye studi, jambo ninaloliona mara kwa mara, ni kuahirisha tu.

Usipake oili kwenye meno. Studi yenye oili hubanwa zaidi kwa nguvu ile ile ya spana, na kipimo cha toki tunachotumia hapa ni cha meno makavu na safi.

Hatua ya 6: Gasketi

Moja, mpya, kavu. Mbili zilizopangwa hazizibi mara mbili. Zinalainisha tu kiti cha kabureta, zinasinyaa zaidi, na nati zinalegea mapema. Ikiwa dukani haipo, kata mwenyewe kutoka karatasi halisi ya gasketi, ya unene wa kati ya nusu milimita na milimita moja. Iweke juu ya flanji ya kabureta, gonga kingo taratibu kwa nyundo ndogo upate alama, kisha kata kwa mkasi na toboa matundu kwa kipande cha bomba kilichonolewa. Karatasi ya boksi haifai: inanyonya petroli, inasinyaa, na mwezi haujaisha umerudi ulipoanzia.

Kwa magari ya Kijapani ya zamani, na yale ya Kiingereza yenye kabureta za SU, mara nyingi kuna kipande kinene cheusi cha kuzuia joto kati ya kabureta na manifoldi, na gasketi hukaa pande zake zote mbili. Kipande hicho nacho hupinda na kupasuka. Kipime kwa rula kama ulivyopima flanji.

Hatua ya 7: Kukaza

Vuta kitambaa. Angalia ndani ya manifoldi kwa tochi. Weka gasketi, hakikisha tundu lake halijafunika ukingo wowote, teremsha kabureta ikae yenyewe bila kusukumwa. Weka washa bapa, juu yake washa ya springi, kisha nati. Kaza kwa vidole mpaka zote mbili zimegusa.

Sasa shika kabureta kwa mkono wa kushoto, itikise kidogo ijipange, na uanze kwa spana. Robo mzunguko kwenye nati ya kwanza, robo kwenye ya pili, mpaka washa za springi zimelala na unasikia kuna ukinzani. Simama hapo. Zungusha mkono wa throtoli mpaka mwisho na uuachie: unatakiwa urudi wenyewe kwa mlio mkavu. Ukirudi kwa uvivu au ukikwama, flanji inapinda na inabana ekseli ya kipepeo, au kipepeo kinagusa ukingo wa gasketi. Legeza, tafuta sababu. Kipimo hiki cha throtoli nakirudia kila hatua, kwa kuwa kipepeo kitakachokwama wazi barabarani ni hatari kubwa kuliko sailensa mbovu.

Kipimo cha mwisho kwa nati ya M8 hapa ni Nm (nyutoni-mita) 20, ambazo kwa spana za zamani ni kama futi-paundi 15. Kifikie kwa ngazi: Nm 10 pande zote mbili, kisha 15, kisha 20. Usiruke ngazi na usimalize nati moja kabla ya nyingine. Kwenye kabureta ya nati nne unakwenda kwa mshazari: ya mbele kushoto, ya nyuma kulia, ya mbele kulia, ya nyuma kushoto, na kipimo chake kifuate kitabu cha gari hilo.

Tatizo la Beetle ni kwamba soketi haiingii vizuri juu ya nati, mwili wa kabureta unaizuia. Ukiwa na kile kichwa cha spana ya mdomo wazi kinachopachikwa kwenye spana ya toki, kiweke kikae pembe ya mraba, nyuzi 90, na mpini wa spana ya toki. Hapo usomaji haubadiliki. Ukikinyoosha mbele, mkono unarefuka na utakaza kupita kipimo bila kujua.

Bila spana ya toki, tumia mizani ya ndoano. Toki ni nguvu mara urefu, basi hesabu ni nyepesi. Pima sentimita 15 kutoka katikati ya nati kwenye mpini wa spana, weka alama, funga kamba imara hapo, na uvute kwa mizani ukifuata pembe ya mraba na spana. Mizani ikisoma kilo 7, umefika karibu Nm 10. Kilo 10 ni karibu Nm 15. Kilo 13 na nusu ni Nm 20, na hapo unaacha. Kama kamba iko kwenye sentimita 10, Nm 20 zinakuja kwenye kilo 20. Pale nafasi inapokunyima kuvuta kwa mizani, fanya hivi: funga nati ya kawaida ya M8 kwenye boliti lililoshikwa na jiriwa, ikaze kwa mizani mara kadhaa mpaka mkono wako uijue nguvu hiyo, kisha nenda kwenye gari ukaifanye kwa mkono mtupu. Karibu kila niliyemfundisha hivi alishangaa kuona ni nguvu ndogo kiasi gani. Shika spana karibu na katikati, kwa vidole vitatu na dole gumba. Kiganja kizima na bega havihitajiki hapa.

Ukimaliza, pumzika dakika kumi. Gasketi mpya ya karatasi husinyaa ikibanwa, na nati iliyokuwa Nm 20 itakuwa imeshuka. Zirudishe kwenye 20, kwa zamu. Si zaidi.

Hatua ya 8: Rudisha vyote, washa

Mpira wa petroli uwe mpya kama wa zamani una nyufa, na uwe na kola pande zote mbili. Rudisha mpira wa vakumu na nyaya. Waya wa akseleta ufunge huku mwenzako amekanyaga pedali mpaka mwisho: kati ya mkono wa throtoli na kizuizi chake ibaki nafasi ya milimita 1 hivi. Ikiwa haina nafasi, kila ukikanyaga sana utakuwa unaivuta kabureta nzima kwa waya, na nati zako zitateseka.

Unganisha betri. Chemba ya kabureta ni tupu, kwa hiyo stata itazunguka kwa sekunde kadhaa kabla pampu haijaleta mafuta; piga vipindi vifupi. Injini ikiwaka, usiondoke. Simama pale na tochi, angalia mrija wa shaba, kola, na chini ya kabureta. Tone lolote, zima.

Iache ipate moto, kisha rudia kipimo cha maji. Ikiwa mlio haubadiliki, rekebisha sailensa. Kwenye 34 PICT-3 tumia ile skrubu kubwa ya pembeni inayopitisha hewa, usiguse skrubu ya kizuizi cha throtoli. Lengo ni mizunguko 850 kwa dakika kwa gari la gia za mkono. Skrubu ndogo ya mchanganyiko ndiyo itakayokupa utulivu wa mwisho, na sasa utaona inaitikia.

Zima, iache ipoe mpaka baridi kabisa, ikiwezekana kesho yake asubuhi. Kaza tena kwa Nm 20 mara moja. Usikaze ikiwa ya moto: aloi imepanuka na meno yanadanganya. Baada ya hapo nati hizi zikaguliwe wakati wa sevisi, pamoja na kurekebisha valvu, na kwa kawaida hazitataka kitu.

Kama sailensa bado inacheza na maji yamethibitisha flanji haivuti, rudi kwenye ekseli ya kipepeo. Shika mkono wa throtoli, usukume juu na chini, si kuuzungusha. Ukisikia mchezo wa wazi, tundu lake limeliwa. Kabureta nyingi zilizofanya kazi kwenye vumbi hufikia hapo. Dawa ni kutoboa upya na kupachika bushi za shaba, kazi ya karakana yenye mashine ya kutoboa iliyonyooka, na ekseli mpya kama ya zamani ina mfereji. Fundi wa mashine apewe kabureta tupu, bila jeti na bila kipepeo, na umwambie bushi zote mbili zitobolewe kwa mpito mmoja ili zikae kwenye mstari.